Historia ya Jotham Muriuki, Mhariri wa Jarida la Wanaume wa Ngozi

Mimi ni Mumbi, mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea historia hii, na mtanisamehe sauti ikikatika, kwa maana naogopa.

Kaka yangu Jotham Muriuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Karatina, kifungua mimba wa mama yetu Njeri, anayetutazama kwa simu kutoka huko nyumbani, akasoma msingi na sekondari hapo hapo, na Agosti 1988 akaja hapa Minneapolis, Marekani, kusomea uchapishaji.

Kuhusu kazi, juzi kwenye kikao cha kamati ya mazishi kitongojini New Hope, mwenyekiti wetu, mjomba Ndegwa, aliniambia, “Sema tu alikuwa printer, uendelee. Mum yako ana-watch.” Nilikubali, lakini Jotham aliniomba mengine, kwa hivyo nasoma. Tangu 1991 hadi 2012 alikuwa mpangaji wa kurasa, kisha mhariri, wa jarida la wanaume wapendao wanaume, wale wa jaketi na buti za ngozi, jarida lililoanza kama karatasi za fotokopi za klabu ya pikipiki, likakua hadi kuuzwa miji mingi, likiwa na picha ambazo sitazieleza kanisani, na barua za watu wa mashambani waliodhani wako peke yao. Ukimwi ulipowamaliza wasomaji, kurasa za mwisho alizifanya za tanzia, kwa sababu familia nyingi ziliwazika vijana wao na kuficha nusu ya maisha yao. Mtandao ulipoliua jarida, alienda kuhudumia wazee katika makao yao huko Maple Grove. Mjomba, naomba usiguse hiyo maikrofoni, nimebakisha kidogo.

Tarehe 7 Juni 2014 alifunga ndoa na Lenny, mwanamume mshona nguo za ngozi aliyekutana naye jaridani, ambaye kamati imemketisha safu ya nyuma kabisa, na hawakujaliwa watoto.

Aliugua saratani ya kongosho tangu Septemba 2024, akafariki tarehe 9 Januari 2025, Lenny akiwa amemshika mkono. Siku zake za mwisho aliniambia, “Nimeandika tanzia za watu wengi ambao mama zao walidanganywa. Wangu usimdanganye.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioondoa theluji mlangoni petu, na wafanyakazi wenzake wa zamani, wale waliovaa ngozi ambao mnawaangalia kwa wasiwasi tangu asubuhi, nami pia nimewaangalia hivyo.

Mama, usikate simu. Huyu anayekuja mbele ni Lenny, mkwe wako, ndiye atakayetangulia kuweka maua. Kaka, pumzika sasa, nimeshamwambia.