Benchi Moja na Makombora Matano ya Argentina

Mwezi wa tano wa mwaka themanini na mbili, Waargentina walikuwa wakipigana na Waingereza juu ya visiwa vya baridi huko chini kabisa ya dunia, na mji mzima wa Kindu, kwetu Zaire, haukujali, isipokuwa benchi moja karibu na soko. Benchi lilikuwa la Koko Émilienne, bibi muuza kahawa: ubao mrefu wa mti mgumu aliouchonga marehemu mume wake, na ndiyo kazi pekee aliyoimaliza yule mwanaume. Wateja wa kila siku walikuwa watatu. Thaddée, aliyeitwa Redio kwa sababu alikuwa na redio na hakufunga mdomo. Mbusa wa Butembo, dereva wa lori, aliyeitwa Puma kwa kuwa aliapa amewahi kupanda helikopta ya jeshi ya jina hilo. Na Bulaimu, mvuvi wa Lokandu, aliyeitwa Admirali. Koko aliwasikiliza jinsi mtu anavyosikiliza mvua: akijua itaacha.

— Kombora moja tu, na meli ya chuma ikawaka moto, alisema Redio. Egzoseti, njo jina yake. Inapita juu ya maji, chini kabisa, kimo cha watu wawili.

— Inajua je kama meli njo ile? aliuliza Admirali.

— Iko na macho kwenye pua.

— Basi ile ni samaki. Samaki nawafahamu. Ukiiachilia hapa mtoni Lualaba, itapanda yenyewe mpaka Kasongo.

— Na mawe ya mtoni? aliuliza Redio.

— Itayaruka.

— Egzoseti ni kitu ya watoto, alisema Puma. Argentina iko na elikopta. Puma, ya Wafaransa, sawa na ile inamuleta mukubwa wa Kinshasa hapa keshokutwa. Inasimama hewani kama nzi juu ya nyama. Ukipanga Puma kumi mbele ya Muingereza, zitamunyonya upepo wote. Atapumua nini?

— Weye ulipanda, ao ulipakia mizigo? aliuliza Koko.

— Nilipakia. Lakini muguu moja ilikuwa ndani.

Redio alipiga paja.

— Wale njo watu. Muingereza anakuja na meli mia, wao wanamwambia: hatutoki.

— Hata mi singetoka, alisema Puma. Waniulie hapa hapa.

Ndipo akatokea Onema wa komite ya mtaa, suti yake ya abakosti imenyooka, daftari kwapani. Kila mgeni mkubwa alipokuja, Onema alipita akikusanya viti vya watu. Viti sita vya jirani Euphrasie vilikwenda kumpokea mgeni mwaka jana, na mpaka leo bado vinampokea. Koko alimwona akilitazama benchi, akaelewa. Na bila benchi, nani angekuja kunywa kahawa yake amesimama juani?

— Sitwayeni Mbambu, alisema Onema, akimwita Koko raia, kwa jina la kwenye karatasi. Benchi hii inatakiwa uwanjani, elikopta inashuka keshokutwa. Hawa wababa wataibeba sasa hivi.

Redio akazima redio. Admirali akatazama vidole vyake vya miguu. Koko akaona matako ya Puma yanaachana na ubao, vidole viwili hivi, na Argentina nzima inaanguka hapo hapo.

Akanyanyua birika akammiminia kahawa ya moto, mpaka ukingoni. Mtu aliyeshika kikombe namna ile hasimami. Puma akakaa. Koko akawajazia na wengine.

— Wamalize kwanza, alisema. Kahawa yangu haimwagwi.

— Nangojea.

— Ngojea. Thaddée, tulifika wapi?

— Kwenye... kwenye Egzoseti, Koko.

— Argentina iko nayo ngapi?

— Wanasema tano.

— Tano tu? Na hawatoki?

— Hawatoki.

— Kunywa basi.

Wakanywa polepole kama wagonjwa. Koko akawajazia mara ya pili. Mara ya tatu walipata nusu, mara ya nne machicha. Onema alihamisha uzito mguu hadi mguu. Nyumba nyingi zilikuwa bado zinamngoja, na jua lilimpiga utosini.

Birika likawa tupu. Koko akalinyanyua vilevile, akaliinamisha juu ya kikombe cha Puma, taratibu, kwa muda uleule wa siku zote. Hakikutoka kitu. Puma akachungulia ndani ya kikombe. Akamtazama yule bibi. Kisha akakileta mdomoni, akakipuliza, akavuta funda moja la kelele.

— Iko moto, alisema.

Admirali akanyoosha chake, naye akajaziwa. Redio pia.

— Lakini hii kahawa, aliuliza Onema, inaisha saa ngapi?

Vinywa vyote vitatu vilikuwa vimejaa.