Sura Saba katika Karatasi ya Asali

Ndugu Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji nyuki, Bwana Faraji. Ndugu Makamu Mwenyekiti. Ndugu Katibu na Ndugu Mhazini. Wajumbe wa kamati mlioketi meza kuu. Viongozi wetu wa dini, masheikh na wachungaji. Wageni waalikwa mliotoka Korogwe na mlioteremka kutoka Bungu. Na ninyi wanachama wenyewe, wenye mizinga, ambao kila mwaka mnatajwa mwisho na kila msimu mnaumwa wa kwanza: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wote mnaostahili shikamoo yangu.

Nimewataja kwa ngazi, maana hapa Handeni mtu akikosea mpangilio wa salamu atasemwa mpaka mvua zijazo. Sina ugomvi na desturi hiyo. Salamu za mdomoni zinakula dakika mbili, zinakwisha, watu wanajiweka sawa vitini na kazi inaanza. Ugomvi wangu ni na watu walioichukua desturi hiyo wakaipeleka kwa mchapaji.

Mshereheshaji ameniomba neno fupi la mlezi kabla hamjapiga kura juu ya kipeperushi kipya cha asali yetu. Halitakuwa fupi. Naona Bwana Faraji ameshaanza kuangalia saa. Angalia tu, ndugu yangu. Mwaka jana ulijipa ukurasa mzima, leo nipe robo saa.

Hiki hapa mkononi mwangu ndicho kipeperushi cha mwaka jana. Karatasi moja, imekunjwa mara mbili, kurasa sita. Wengi wenu hamjawahi kukisoma, na siwalaumu, kwa sababu hakina cha kusomwa. Ngoja niwatembeze.

Ukurasa wa kwanza, jina letu, na nyuki wa kuchorwa amevaa miwani. Miwani! Katika mizinga yenu yote, nani amewahi kukutana na nyuki wa namna hiyo? Ukurasa wa pili, Salamu za Mwenyekiti, na Mwenyekiti mwenyewe ndani ya suti, ameshika kalamu, anatazama mbali kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Ukurasa wa tatu, Makamu, Katibu, Mhazini na wajumbe wawili, wamepangwa kwa vyeo, wote na tai. Ukurasa wa nne ni mlezi, nitamrudia huyo. Ukurasa wa tano, Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi, ambayo mtu angeweza kuyahamishia kwenye kipeperushi cha gereji au cha kiwanda cha sabuni bila kubadili hata nukta. Ukurasa wa sita, mtoto wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya mahindi analamba kijiko, na chini yake maneno "Karibuni Sana".

Karibuni wapi? Hakuna namba ya simu. Hakuna mahali. Hakuna ujazo wa chupa wala wa ndoo. Kwenye karatasi ya kuuzia asali kuna sura saba za wanaume, na aliyeionja asali ni yule mtoto peke yake, tena si yetu.

Nimesoma vitabu vingi maishani, vizuri na vibovu, na nimegombana na waandishi wengi zaidi ya niliopatana nao. Sijakutana na maandishi yenye majivuno mengi kiasi hicho na habari chache kiasi hicho.

Msidhani tulikosa fundi. Kazi tulimpa Upendo, binti wa Bungu mwenye duka la uchapaji pale Masuguru, Korogwe. Yupo, amekaa dirishani. Upendo hakuanza na kompyuta. Alipanda basi akaja Handeni, akachukua bodaboda mpaka kwa Bi Tatu, mkuu wetu wa kurina na kuchuja, mama ambaye hakuna ndoo inayotoka hapa bila yeye kuionja. Akakaa kwake siku mbili. Akamwuliza swali ambalo kamati nzima haijawahi kuliuliza: "Mama, mteja akishika chupa yako, neno lake la kwanza ni lipi?"

Bi Tatu akacheka. "La kwanza? Atasema, hii si sukari hii? Kwa sababu ameiona imeganda. Nikiwepo namweleza, ananunua. Nisipokuwepo, ndiyo basi tena."

Upendo akarudi Masuguru akachora kipeperushi kizima juu ya jibu hilo. Mbele, picha ya Bi Tatu na sega mkononi, moshi nyuma yake. Chini ya picha, maneno haya: "Asali yetu huganda kukiwa na baridi. Haijaharibika, wala haina sukari. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiibandike motoni, itarudi kuwa laini." Halafu miyombo inachanua lini, tunarina lini, ndoo zina ukubwa gani, na namba ya simu ya Bi Tatu kwa tarakimu kubwa ambazo hata mzee aliyesahau miwani nyumbani angeziona.

Akaleta mfano kwenye kamati. Nilikuwepo. Mjumbe mmoja, simtaji lakini anajijua, maana sasa hivi ameinama anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba, alikigeuza mbele na nyuma akauliza, "Mwenyekiti yuko wapi humu?" Mwingine akasema, "Na hili la kuganda mnalitangaza wenyewe? Mnajichongea?" Wa tatu akasema, "Huyu mama amevaa kanga ya shambani, wageni watatuonaje?"

Watatuonaje! Ndugu zangu, mlitaka arine asali na gauni la harusi?

Basi Bi Tatu akatolewa, tai zikaingia. Maelezo ya kuganda yalibaki mpaka mwisho kabisa, kwenye ukurasa wa nne, pamoja na namba ya simu. Kumbukeni ukurasa wa nne.

Mwezi wa sita Bwana Gerald, mwenye duka Korogwe mjini na jingine Bungu, alichukua ndoo zetu ishirini na rundo la vipeperushi. Nusu ya ndoo akazipandisha Bungu, kule milimani kwenye baridi. Mwezi wa saba, Bungu! Mnaotoka kule mnajua hata mafuta ya kula yanavyogoma kumiminika. Asali ikafanya kile ambacho asali safi hufanya. Ikaganda. Wateja wakaja juu: tumeuziwa sukari. Bwana Gerald akazirudisha ndoo zote kwenye lori, na alipofika hapa aliniambia maneno ambayo bado yananichoma: "Mwalimu Hiza, nilikipekua kikaratasi chenu mbele na nyuma nimpate wa kumwuliza. Nikaona watu saba wenye tai, hakuna hata namba moja. Nikajisemea, hawa ni matapeli."

Na utapeli huo alibebeshwa nani? Mwenyekiti? Mhazini? Hapana. Soko zima linajua anayechuja ni nani. Bi Tatu akipita na kapu lake watu wakawa wanamwita: "Bi Tatu, leo mmepika kilo ngapi za sukari?" Wanacheka. Mama wa miaka sitini na mitatu! Akaanza kununua vitunguu vyake alfajiri, kabla soko halijajaa.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilimfuata nyumbani. Akaniambia hivi, na nimeomba ruhusa yake kuyarudia: "Mwalimu, mimi nimerina tangu sijaolewa. Sijawahi kuitwa mwizi. Mkizichapa tena hizo sura zenu, natoa mizinga yangu kwenye kikundi. Nitabaki na nyuki wangu. Wao angalau wananijua."

Wakati ananiambia hayo, mlikuwa mkifanya nini ninyi wa meza kuu? Ijumaa hiyo hiyo mlikuwa mnamwandikia Upendo orodha mpya ya picha. Ninayo hapa. Sura saba zimekuwa nane, kwa sababu mweka saini wa akaunti naye amekumbukwa. Namba ya simu ipo safari hii, nawapongeza, imewekwa pembeni kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Kuganda hakumo. Na mlezi amepandishwa cheo: anakaa mbele, kwenye jalada, mahali pa yule nyuki mwenye miwani.

Mnacheka. Chekeni, lakini sasa turudi ukurasa wa nne.

Kipeperushi cha mwaka jana kilikuwa tayari kuingia mashineni, na ukurasa huo ulikuwa na maelezo ya Bi Tatu na simu yake. Jioni moja nikatuma picha yangu. Nimechelewa, na nimeituma mwenyewe, hakuna aliyeniomba. Upendo akanipigia. "Mwalimu, shikamoo. Nafasi imekwisha. Uliobaki ni ukurasa wa namba ya simu na maelezo ya kuganda."

Nikamjibu, na ninalikumbuka kila neno: "Namba wataitafuta, binti yangu. Wanaotutaka watatupata."

Akasema, "Sawa, Mwalimu." Angeniambia nini? Mimi ninayeandika magazetini kuwasema wakubwa wanaobandika sura zao kwenye kila ukuta! Ile suti niliazima. Bwana Faraji, dhihaka zangu za leo zimekuangukia wewe, lakini tai iliyomziba mdomo Bi Tatu haikuwa yako. Ilikuwa yangu. Na nilipokipokea kipeperushi kile niliutazama ukurasa wa nne kabla ya mwingine wowote, nikapendezwa.

Ndugu wanachama, kura ni yenu. Katika mkono huu nina orodha ya kamati. Katika mkono huu nina mfano wa kwanza wa Upendo, ambao aliuhifadhi mwaka mzima na leo ameuchapa nakala moja bila kuombwa na mtu. Msikichague kipeperushi hiki kwa kumwonea huruma Bi Tatu, hajaniomba huruma. Kichagueni kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali ambalo mteja wetu atauliza kesho asubuhi, akiwa peke yake dukani, na hakuna kati yetu atakayekuwepo kumjibu. Vyovyote mtakavyoamua, picha yangu itoeni, na cheo cha mlezi nimekiweka mezani pamoja nayo.

Bi Tatu, uliyekaa mstari wa nyuma karibu na mlango kama mtu aliyejiandaa kuondoka: shikamoo, mama. Usiondoke. Njoo mbele uusome mwenyewe ukurasa wa kwanza, kwa sauti ile ile unayowajibia wateja, ndipo watu wanyooshe mikono. Kiti changu hapa meza kuu kiko wazi.

Ndugu zangu, mmenivumilia na mmenisikiliza, nawashukuru sana. Sasa msikilizeni yeye.