Viatu vya Askari

Kwenye kivuko cha Stanleyville, Kongo, Hemedi fundi cherehani alikuwa akiwachekesha abiria kwa habari za waasi. “Simba walikuya na matawi ya michikichi tu. Alors, askari na bunduki zao walikimbia mupaka wakapoteza viatu.”

Mama mmoja muuza samaki hakucheka. “Papa, ile viatu niliiona. Ilipangwa vizuri, kamba zimefunguliwa. Mutu wa kukimbia hapangi viatu. Waliona Simba ni watoto, wakakatala kuwapiga bunduki.”

Hemedi hakupenda mzaha wake ushonwe upya. “Donc, matawi iko uongo?”

“Iko kweli. Tawi ya mutoto yangu nilimukatia miye mwenyewe.”

“Basi ni tawi ilishinda.”

Kivuko kiligusa ng'ambo. Mama akajitwisha kikapu. “Ile viatu iko kwetu, papa. Mutoto anaipaka mafuta, anatafuta wenyewe awarudishie.”