Dkt. Hezroni Mwasikili, Aliyeonyesha Tundu la Ua

Bwana asifiwe, na ndaga fijo, asanteni sana, kwenu nyote mliokuja kulia nasi.

Marehemu Dkt. Hezroni Ambilikile Mwasikili alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Ngana, mtoto wa mwisho wa marehemu Mzee Ambilikile na mama yetu Tusekile, wakulima wa mpunga na kakao. Alibatizwa Pentekoste ya mwaka huo, mvua ikinyesha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1987. Akiwa darasa la tatu aliona ua wa jirani yetu Andrea una tundu, upande ule inakoanikwa kakao. Akapita humo, akaenda kusimama mbele ya mwenye mji: "Baba, ua wako una tundu, hata mimi nimepita." Akachapwa. Mama akamuuliza, "Siku nyingine utasema tena?" Akajibu, "Nitasema, mama, ila nitasimama mbali." Jioni ile jirani Andrea aliliziba tundu, akaja kwetu na jogoo kuomba radhi. Leo ni mzee, na yupo hapa msibani.

Alisoma sekondari Kyela mjini, akamaliza kidato cha sita Iringa mwaka 2000, akasomea kompyuta Dar es Salaam. Mwaka 2015 alipata udaktari wake huko Uswidi, kwa utafiti wa jinsi wezi wanavyoingia kwenye mitandao na kukaa humo mwenyewe asijue. Mama alipomuuliza huo udaktari unatibu nini, alisema, "Mama, wewe ukishafunga mlango wa mbele, mimi nazunguka nyuma kuangalia dirisha la jikoni." Mama akamwambia, "Kumbe umesoma kote huko uwe mlinzi!" Marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 12 Julai 2008 alifunga ndoa na Lusungu, muuguzi. Mungu akawajalia Jubilate na Tuntufye.

Alirudi nchini akafundisha chuo na kuendelea na utafiti. Mwaka 2021 aligundua kwamba taasisi moja inayotunza taarifa za wagonjwa imeacha njia wazi. Mtu yeyote mjuzi angeweza kusoma fulani anaumwa nini. Aliwaandikia, wakanyamaza. Akaandika tena. Mwisho akaenda mwenyewe, akawaonyesha kwenye kompyuta yao, na njia ikafunguka mbele ya macho yao. Mkubwa wao akamuuliza, "Wewe umeingiaje humu?" Akajibu, "Kama nilivyowaandikia, mzee." Safari hii hakusimama mbali. Alikamatwa, akashtakiwa kwa kuingia kwenye mfumo bila kibali, na kazini akasimamishwa. Lile tundu wakaliziba, kwa namna ile ile aliyowaelekeza.

Rafiki yake Kheri, muuza simu wa Kyela mjini, alimwekea dhamana. Kila marehemu alipokwenda mahakamani aliambiwa upelelezi haujakamilika. Huku nyumbani, mtu akipata ujumbe wa matapeli kwenye simu, watu walisema, "Muulizeni Hezroni." Kwenye mzani wa kakao mmoja alimpigia mama kelele, "Mama Hezroni, mwambie mwanao aturudishie salio letu!" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo mama hakwenda tena kwenye mzani. Simtaji mtu, wengine mpo hapa. Marehemu hakuwakasirikia. Baada ya ibada aliwakalisha wazee na simu zao, akiwafundisha, "Hata mjukuu akikuomba namba ya siri, sema bibi amesahau."

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu Mbeya, Lusungu akimuuguza usiku na mchana, akazidi kudhoofu. Alituambia hofu yake haikuwa kufa, ila kufa kabla hajaambiwa hana hatia, watoto wakabaki na jina hilo la wizi. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025.

Jana kesi ilitajwa. Kheri alikwenda, akarudi hapa, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, kesi wameifuta."

"Wamesema mwanangu hakuiba?"

"Hapana, mama. Wamesema amefariki."

Ndipo mama akaagiza maneno haya yote yasomwe mbele ya jeneza. Ndugu zangu, Hezroni hakuiba kitu cha mtu. Jubilate, Tuntufye, mkiulizwa shuleni baba yenu alikuwa nani, semeni alikuwa mtu aliyeona tundu akasema.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, na mimi dada yake ninayewasomea.

Nenda, mdogo wangu. Huko Bwana hatakuuliza umeingiaje. Mlango amekufungulia mwenyewe. Lala kwa amani yake.