Jozi Saba Zilizokatwa Pua

Benchi lile limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu, na wanaolikalia ni walewale: Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kwenda kama shahidi tu, Bomba, fundi wa mabomba, na fundi viatu mwenyewe, anayepiga nyundo huku anabishana. Asubuhi hiyo kahawa yake ilikuwa imepoa. Binti yake, msanii, alikuwa ametundika kwenye ukumbi wa maonyesho viatu vyake vya utotoni, jozi saba, kuanzia vidogo hadi vikubwa, vyote vimekatwa pua ili vidole vipumue. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda kutazama.

— Mimi! fundi alifoka. Watu wote hawa wanatembea kwa mkono wangu, halafu mwanangu ananianika kwamba alikwenda shule vidole nje!

— Kwani hukuvikata? Bomba aliuliza.

— Nilivikata! Mguu unakua kila mwezi, ngozi ya kiatu haikui!

— Mshitaki, alisema Wakili. Kiatu ni mali ya aliyenunua. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni nani hapo?

— Kiatu.

Bomba alisogea karibu, akashusha sauti.

— Nyie hamjui mambo. Kiatu kikining'inizwa, mzazi anafungwa miguu. Goti lako limeanza kuuma lini?

— Juzi.

— Na ukumbi umefunguliwa lini?

— Juzi… Lo! Mtoto huyu!

— Hapo ni jozi moja tu imefanya kazi, Wakili aliongezea. Zikifika saba utatambaa.

Fundi alipiga msumari, ukapinda. Si goti lililomuuma. Alimlea yule binti peke yake tangu mama yake afariki, akaamini mtoto alishasahau vile viatu.

Mama mmoja aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja, akingoja kisigino cha kiatu chake, aliingilia:

— Samahani baba. Mimi nimeviona. Nani alivitunza miaka yote hiyo?

— Avitunze nani? Vikimbana kabisa, nilikuwa navitupa jalalani mwenyewe.

— Sasa ukumbini vimefikaje?

Wakili alimtazama Bomba. Bomba akalitazama birika la kahawa. Fundi aliweka kisigino na nyundo chini. Walikuwa wamehama nyumba mara tatu, na kila mara mizigo aliifunga yeye. Hakuwahi kuona hata kamba ya kiatu. Yule mtoto alivificha wapi?