Alisubiri Hukumu Akiwa Amevaa Viatu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya tatu kutoka stesheni. Baba yake alikuwa karani wa mizigo, mama yake fundi cherehani. Tangu utotoni hakuweza kutulia treni ikipiga honi. Ilibidi asimame na kufunga kamba za viatu kana kwamba yeye ndiye msafiri. Dada yake, ambaye leo anatusikiliza kwa simu kwa kuwa hakuweza kufika, alikuwa akimtania, "Wewe, nani kakukatia tiketi?"

Alisoma shule ya reli, kisha sekondari ya bweni, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1971. Alianza kazi kama hakimu, akawa mwanasheria wa serikali, na kuanzia mwaka 1997 Waziri wa Sheria. Katika miaka yote hiyo hakupokea hata zawadi ya saa ya mkononi. Hilo linasemwa hapa kwa sababu kwingine limesemwa vingine.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974 na mwalimu wa historia aliyemsahihisha tarehe mbili mbele ya wanafunzi alipokwenda kuhutubia shuleni kwake. Aliomba radhi papo hapo, halafu akaomba anwani. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2001 aliongoza ujumbe uliokuja katika nchi hii hii kuandaa mkataba wa kurudishiana watuhumiwa. Ni yeye aliyeng'ang'ania kipengele kinachokataza mtu kurudishwa kwao kwa makosa ya kisiasa. Wenzake walichoka, chai ikapoa mezani.

"Mheshimiwa," katibu wake akamchokoza, "hicho unajishonea mwenyewe?"

"Basi kishonwe vizuri," akacheka. "Sijui nitanenepa kiasi gani."

Serikali yake ilipoangushwa mwaka 2012, yeye na mkewe walipata hifadhi hapa. Miaka minne baadaye likaja ombi la kumrudisha. Waliolitunga walikijua vizuri kipengele kile, kwa hiyo hawakumwita mpinzani. Walimwita mwizi wa mali ya umma.

Kuanzia hapo nyumba ilikaa roho juu. Marehemu alinyoa ndevu, akavaa suti na viatu kabla ya chai ya asubuhi, asije akakutwa na ndala. Sanduku dogo lilikaa kando ya mlango, ndani yake dawa, mashati na miwani ya akiba. Gari likipunguza mwendo mtaani, mazungumzo yalikatika mezani. Asubuhi moja mlango uligongwa kwa kishindo. Alimuaga mkewe, akachukua sanduku, akafungua.

"Niko tayari. Naomba tu mama asiguswe."

Mwanamume aliyekuwa nje alirudi nyuma. "Mzee, mimi nimekuja kusoma mita ya maji!"

Alikaribishwa chai, na tangu siku hiyo kila alipopita alianza kupiga kelele akiwa bado barabarani, "Wa maji! Wa maji tu, Mzee Sanduku!"

Mahakama ya chini iliamua arudishwe, naye akakata rufaa. Wakili wake, mama hodari ambaye yuko nasi hapa, alikuja siku moja akitabasamu.

"Tumeshinda, Mzee. Nyaraka zao hazina muhuri unaotakiwa."

"Na wizi?"

"Mahakama haitafika huko."

"Basi hoja hiyo iondoe."

"Mzee, unachezea shingo yako!"

"Nikishinda kwa muhuri, wajukuu wangu watabaki wajukuu wa mwizi aliyeponea chupuchupu. Waupime huo wizi."

Wakili akamgeukia mkewe, aseme neno. Mkewe, ambaye usingizi ulikuwa umemhama miaka mingi, alisema, "Iondoe, wakili." Kisha akaenda jikoni, akasimama mbele ya jiko mpaka chai ikachemka na kumwagika.

Majaji wa rufaa walikubali kupima kama tuhuma ya wizi ilikuwa na msingi au ilikuwa kisingizio. Wakati huo moyo wa marehemu ulikuwa umeanza kumsumbua. Alilazwa mara mbili, na mara zote aliwauliza wauguzi viatu vyake wameviweka wapi. Hukumu ilipangwa kusomwa Jumatatu, tarehe 20 Machi 2023.

Alifariki Ijumaa, tarehe 17, asubuhi, kwenye kiti chake karibu na mlango. Alikuwa amenyoa na kuvaa. Kamba ya kiatu kimoja ilikuwa bado haijafungwa. Mkewe aliifunga.

Jumatatu majaji walilifuta shauri, kwa kuwa aliyekata rufaa hayupo tena. Wakili alisimama akaomba hukumu isomwe hivyo hivyo. Haikusomwa, na haitasomwa. Nayo serikali iliyomdai kwa miaka yote hiyo akiwa hai haijajibu ombi la familia kwamba akazikwe kwao.

Ndiyo maana familia imetaka wasifu huu usomwe wote, kwa sauti, bila kurukwa mstari. Marehemu hakuwa mwizi. Alitaka aambiwe hivyo na mahakama, na alikuwa amevaa tayari kwenda kusikiliza.

Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu wanne na dada yake aliyeko kwenye simu.

Apumzike sasa, asiusikilize mlango tena.