Mgongo wa Maxine Dorval

OPAL: Haloo? Nimeitwa hapa ofisini kwa meneja, wanasema nina simu. Nani mwenzangu?

MAXINE: Uko peke yako humo?

OPAL: Maxine? Uko wapi wewe? Watu mia nne wamekaa, maua yapo, mpiga piano yupo, umebaki wewe tu—

MAXINE: Nimekuuliza, uko peke yako?

OPAL: Niko na picha yako ya ukutani. Ina umri wa miaka thelathini na haina neno. Haya, sema, uko wapi?

MAXINE: Kituo cha petroli.

OPAL: Kipi?

MAXINE: Hicho kinachotazamana na hiyo sinema. Niko kwenye kibanda cha simu.

OPAL: Na lile gauni la sherehe?

MAXINE: Na lile gauni. Mkia wake umebanwa na mlango. Kuna bwana mmoja wa lori ameniuliza kama nimetoka harusini.

OPAL: Ukamjibu nini?

MAXINE: Nimetoka jela. Sasa amesogea mbali kidogo.

OPAL: Shoga, vuka barabara. Sherehe ya kukuenzi ilikuwa ianze saa nane, hii ni saa nane na nusu. Meneja amemaliza kutafuna kucha za mkono mmoja, ameanza wa pili.

MAXINE: Siwezi, naumwa.

OPAL: Unaumwa nini?

MAXINE: [waya unakwaruza] ...goti.

OPAL: Goti gani? Juzi kwangu umemaliza kuku mzima, goti halikulalamika. Nisikilize, Maxine. Mimi ndiye niliyepewa kusoma sifa zako. Nimeandika kurasa tatu, mimi niliyeishia darasa la nane. Usiniache nikisifu kiti kitupu mbele ya mji mzima wa Glendale.

MAXINE: Basi kikalie wewe.

OPAL: Nini?

MAXINE: Miaka ishirini na mbili pale studio, kazi yako ilikuwa nini?

OPAL: Kusimama mahali pako mafundi wakipanga taa. Kimo kimoja, rangi moja ya nywele. Wakishamaliza wanaita "timu ya kwanza", mimi natoka, wewe unaingia. Kusimama, bibi wee, si kukaa kitini kupigiwa makofi. Tena siku hizi nimenenepa.

MAXINE: Hata mimi.

OPAL: Hilo sikuliandika.

MAXINE: Umeandika nini? Nisomee.

OPAL: Nikikusomea utakuja?

MAXINE: Soma kwanza.

OPAL: Ngoja miwani. [karatasi zinafunuliwa] "Mabibi na mabwana. Maxine Dorval alikuwa mzuri, lakini wazuri walijaa pale getini asubuhi hadi jioni. Yeye alikuwa mzuri na mbishi."

MAXINE: Mbishi?

OPAL: Usinikatize. "Mwongozaji alimwambia azimie kifuani kwa mwanamume. Akauliza, kwani huyu bwana hawezi kuzimia yeye? Wakajaribu. Bwana alizimia vizuri sana, ikawa ndiyo kazi yake mpaka alipostaafu."

MAXINE: [anacheka] Maskini Lyle. Alijua kuanguka.

OPAL: "Alipoingia kwenye skrini na gauni lake la hariri na bastola mkononi, wanawake walikaa wima. Mama yangu alitoka sinema siku hiyo akaenda moja kwa moja kwa bosi wake wa dobi, akamwambia Jumapili hapigi pasi tena." Hiyo ni kweli tupu, sijatia chumvi.

MAXINE: Hukuwahi kuniambia.

OPAL: Nikuambie uvimbe kichwa? Sikiliza, tunafika penyewe. "Na ule mgongo—"

MAXINE: Huo utoe.

OPAL: Nautoaje? Bango lina mgongo. Keki ina mgongo, wa chokoleti. Watu wamefuata mgongo, Maxine. Mwanamke kavaa nyeusi, anapita katikati ya wanaume ishirini wenye bunduki, wala hageuki. Wewe unataka nisome nini, habari ya nyusi zako?

MAXINE: Huo mgongo ni wako, Opal.

[mlango unafungwa]

OPAL: Punguza sauti.

MAXINE: Niko kituo cha petroli.

OPAL: Hata huko, punguza. Yale yalikwisha. Ulichelewa, jua la asubuhi lilikuwa linapanda, wakanivika gauni lako wakaniambia tembea mpaka kwenye lile geti. Nikatembea. Nani kaumia?

MAXINE: Mimi. Miaka thelathini napigiwa makofi kwa mgongo wa mtu anayenipikia kuku. Leo unataka nikae mbele, wewe usimame unisifie kwa mgongo wako mwenyewe, na mimi nitabasamu? Naweza kuigiza, lakini si hivyo. Waambie ukweli, au naondoka na huyu wa lori.

OPAL: Siwaambii.

MAXINE: Kwa nini lakini?

OPAL: Kwa sababu ni changu. Wakiionyesha ile filamu naenda kukaa nyuma kabisa na mfuko wangu wa bisi. Tukifika pale penye mgongo, sinema nzima inashika pumzi, na katika wote mle najua mimi tu. Kuna bwana mmoja wa gazeti aliandika kuwa ni mwendo wa mwanamke aliyeishinda hofu. Hofu gani, nilikuwa nimebana tumbo zipu isipasuke. Ukiwaambia wataanza kunikagua. Niachie hicho kimoja, Maxine.

MAXINE: [waya unakwaruza] —sikusikii vizuri—

OPAL: Unanisikia sana. Tena mimi nimekufunika vizuri. Sikiliza: "Miaka ishirini na mbili alichelewa kazini mara moja tu. Hakusema kwa nini, lakini mpiga tarumbeta fulani alikuwa anajua." Hapo watacheka.

MAXINE: Mpiga tarumbeta gani?

OPAL: Usijitie hamnazo. Yule wa masharubu.

MAXINE: Yule? Tuliachana Pasaka, Opal. Kabla ya ile filamu.

OPAL: Studio nzima ilijua ulilala kwake. Umekuja saa tano, macho mekundu, sauti imekauka, rangi ya mdomo yote imefutika. Nasi tuna macho.

MAXINE: Nilikuwa kwa Lindqvist.

OPAL: Mkuu wa studio? Lo, Maxine. Na upara ule—

MAXINE: Acha ujinga wako. Nilikuwa nagombana naye tangu saa moja asubuhi. Alikuwa na orodha mezani, ya watu wa kuondolewa Ijumaa ile.

OPAL: Orodha ya nani?

MAXINE: Unafikiri watu wa mavazi hawakuona zipu zako zikikataa kufunga wiki ile nzima?

[kiti kinavutwa]

OPAL: Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu tu.

MAXINE: Miezi mitatu, na mume yuko vitani. Nilimwambia Lindqvist, Opal akitoka natoka. Akasema mlango ule pale. Nikatoka. Nikafika kwenye gari, nikarudi. Nikavunja taa yake ya mezani, tukaanza upya. Saa tano kasoro ndipo alipolifuta jina lako.

OPAL: Mimi uliniambia umepoteza funguo.

MAXINE: Ungeanza kulia.

OPAL: Silii. [anapenga kamasi] Walinisogeza kwenye dawati la simu mpaka nikajifungua, nikasema hawa watu kumbe wana utu. Nilimpelekea Lindqvist keki, Maxine. Kwa mikono yangu, ya tufaha.

MAXINE: Najua. Alinikatia kipande.

OPAL: Miaka yote hii nakusimanga na tarumbeta.

MAXINE: Nilikuwa nafurahi. Alikuwa mzuri yule bwana. [kioo kinagongwa] Subiri, wa lori anataka simu.

OPAL: Mwambie asubiri. Ukurasa wa tatu nauchana. Sasa nasemaje? Siwezi kuwaambia ulikuwa wapi asubuhi ile bila kuwaambia nani alikuwa ndani ya gauni.

MAXINE: Basi usiseme. Sema tarumbeta. Nitavuka, nitakaa, nitatabasamu. Nimekwisha kukusikia, ni chako.

OPAL: Kilikuwa changu. Nawaambia yote mawili.

MAXINE: Opal, si lazima—

OPAL: Nyamaza. Usitoke hapo. Nakuja kukuchukua, na tunapita mlango wa mbele.

MAXINE: Na hao watu? Meneja atazimia.

OPAL: Atazimia vizuri. [kioo kinagongwa tena] Nimesimama chini ya taa miaka ishirini na mbili, jasho linanitoka, kumngoja mtu mwingine aingie. Leo wakae waningoje mimi.

MAXINE: Vaa koti basi, huku kuna upepo, na uangalie magari, yanakuja kwa—

[simu imekatika]